Duka la mtandaoni linazima ukiweka mzigo mpya? Usikimbilie kununua RAM

Leo sina mbinu ya kutafuta wateja. Nataka kuwasimulia nilivyopoteza mteja niliyekuwa naye tayari mkononi, na nilivyobakiza kidogo tu nitoe hela ya mtaji mahali pasipohitaji.

Mimi nauza vitenge na mikoba nikiwa hapa Rugu, Karagwe. Stoo yangu ni chumba kimoja cha nyumba. Mzigo unakwenda Kayanga kwa boda, halafu unapanda basi. Wateja wangu wengi wako Bukoba na Mwanza, hawajawahi kuniona sura. Wanachokijua ni duka langu la mtandaoni tu. Duka lenyewe ni la WordPress na WooCommerce, liko kwenye seva ya kukodi yenye RAM ya GB 1.

Jumapili moja jioni nilipandisha picha za mzigo mpya, nikatupa linki kwenye magrupu. Dakika chache baadaye dada mmoja wa Mwanza akanipigia. Alitaka vitenge 24 vya sare ya harusi. "Dada, nafungua hapa naambiwa databesi haipatikani. Hili duka lipo kweli?" Nikamwomba asubiri. Nikaiwasha databesi upya, duka likarudi. Yeye hakurudi. Kwenye biashara ya mtandaoni, duka likizima mteja hasemi "mtandao unasumbua", anasema "tapeli".

Na haikuwa mara ya kwanza. Niliwaandikia wenye seva, wakanijibu mstari mmoja: RAM imejaa, ongeza. Kuongeza ilikuwa ni kulipa mara mbili ya ninacholipa kwa mwezi. Nikawa nimeshaitenga hela ya mzigo.

Bahati nzuri mtoto wa kaka yangu, anayesomea kompyuta, alikuwa amekuja likizo. Akaniambia, "Shangazi, kabla hujanunua meza kubwa, tuangalie kwanza nani anaijaza hii uliyonayo."

Akanieleza hivi: diski ya seva ni stoo, RAM ni meza ya kukatia vitenge. Kila mteja anayeingia dukani, lazima kazi yake ifanyiwe mezani. Meza ikijaa, kazi inasimama hata kama stoo ina nafasi tele.

1. Pima kabla ya kuogopa

Tuliingia kwenye seva tukaandika `free -h`. Mimi nikakimbilia safu iliyoandikwa "free", nikaona MB 60 tu. Nikasema basi, imekwisha. Kumbe sio hivyo. Linux haipendi meza ikae tupu, kwa hiyo nafasi isiyo na kazi inawekewa mafaili yanayotumika mara kwa mara, na inayaondoa mara tu nafasi inapohitajika. Safu ya kuangalia ni "available". Yangu ilikuwa MB 430, karibu nusu ya RAM yote. Kwa hiyo saa za kawaida meza haikuwa imejaa kabisa. Tatizo lilikuwa linakuja na kuondoka.

2. Mtafute anayekula

Tukafungua `top`, tukabonyeza herufi kubwa M ili wenye kula RAM nyingi wapande juu. Databesi ilikuwa inatumia kama MB 250. Chini yake PHP, ambayo ndiyo inayowahudumia wateja, kila mfanyakazi wake akila kama MB 55. Walikuwa wanne. Nikapandisha picha kumi kwa mpigo huku tukiangalia: wakawa kumi na tano, baadhi wamepita MB 100. "Available" ikashuka mpaka MB 30.

3. Tafuta ushahidi

Tukaandika `dmesg -T` tukatafuta maneno "Out of memory". Hapo ndo nilipochoka. Jumapili ile, dakika ileile niliyopigiwa simu, seva ilikuwa imeiua databesi. RAM ikiisha kabisa, Linux inachagua programu ya kuua ili nyingine zipone, na mara nyingi anayeuawa ni yule mwenye kula zaidi peke yake. Databesi ndiyo ilikuwa kubwa kuliko wote, ikabebeshwa kosa la wengine.

4. Piga hesabu

Kwenye faili la mpangilio la PHP kuna mstari wa `pm.max_children`, yaani wafanyakazi wasizidi wangapi. Nami nilikumbuka: mwaka jana niliupandisha mwenyewe hadi 20, nikidhani duka litakuwa na kasi. 20 mara 55 ni MB 1,100. Seva yangu yote inaonyesha MB 960! Nilikuwa nimeajiri watu wasioenea mezani.

Tukahesabu upya: 960, toa 250 za databesi, toa kama 150 za mfumo wenyewe, inabaki 560. Gawa kwa 55, unapata kumi. Tukaweka 7 ili ibaki nafasi ya kupumua. Wateja wakizidi, wanasubiri foleni sekunde kidogo. Foleni ni afadhali kuliko duka kufungwa. Kabla ya kugusa faili, nakili la zamani pembeni.

5. Punguza picha kwenye simu kwanza

Hili wengi hatulijui. Picha ya simu yenye nukta 4,000 kwa 3,000 inaweza kuwa faili la MB 3 tu, lakini seva ikiifungua ili kuikata saizi ndogo, kila nukta inachukua kama baiti 4. Hiyo ni MB 48 kwa picha moja. Ukiipunguza kuwa 1,200 kwa 900 kabla ya kuipandisha, inashuka hadi MB 4 na kitu. Bando lako pia linapona.

Mwisho tukafuta plagini sita nisizozitumia, tukaongeza swap ya GB 1, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM wakati wa dharura. Swap ni ya polepole, usiifanye tiba. Tulibadilisha kitu kimoja kimoja na kupima kila mara, ili tujue kipi kimesaidia.

Tangu hapo nimeingiza mizigo miwili mipya, linki nimetupa kwenye magrupu yaleyale, "available" haijashuka chini ya MB 150. Seva ni ileile ya GB 1. Hela ilinunua vitenge.

Sisemi usinunue RAM kamwe. Ukishafanya haya yote na bado "available" inakaribia sifuri wateja wakiingia, hapo biashara imekua, nunua. Na kama unakodi mahali ambapo huruhusiwi kuandika hizo amri, ukiambiwa "RAM imejaa" uliza maswali matatu: programu gani imeijaza, saa ngapi, na kwa MB ngapi? Wasipojibu, usitoe hela kwanza.

Halafu weka namba yako ya WhatsApp kwenye kila tangazo, sio dukani peke yake. Yule dada wa Mwanza alikuwa na namba yangu, akapiga. Sijui wangapi hawakuwa nayo wakaondoka kimya.