Saa ya Kuzaliwa na Nyota Saba za Wakorea

Anayekwenda kupiga bao Korea huulizwa kwanza alizaliwa mwaka gani, mwezi gani, siku gani na saa ngapi. Mambo hayo manne huitwa saju, yaani nguzo nne. Kila nguzo ina herufi mbili za Kichina, na zile herufi nane, palja, ndizo zinazosemwa kubeba majaliwa ya mtu. Anayeandamwa na misukosuko, wenzake husema ndiyo palja yake.

Herufi hizo hutoka katika safu mbili. Moja ina mashina kumi ya mbingu. Nyingine ina matawi kumi na mawili ya ardhi, kila tawi na mnyama wake, kuanzia panya hadi nguruwe. Safu hizo zikizunguka pamoja hurudi mwanzo baada ya miaka 60, na ndiyo sababu mzazi aliyetimiza miaka 60 aliandaliwa karamu kubwa, watoto wakamsujudia. Kila herufi pia ina asili yake: mti, moto, udongo, chuma au maji. Mtabiri huangalia kipi kimezidi na kipi kimepungua. Shina la siku ndilo mtu mwenyewe; herufi saba zilizobaki ni wazazi, mwenzi, watoto na riziki.

Ugumu uko kwenye saa. Siku hugawanywa vipindi kumi na viwili vya saa mbili mbili, na kipindi cha panya huanza saa tano usiku hadi saa saba. Lakini saa rasmi ya Korea hufuata mstari wa nyuzi 135 mashariki, nao mji wa Seoul uko karibu na nyuzi 127. Jua la Seoul basi huchelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban nusu saa. Mtoto aliyezaliwa saa tano na dakika kumi usiku, kwa mtabiri makini bado ni wa kipindi cha nguruwe. Aliyezaliwa majira ya joto ya 1987 au 1988 ana hesabu ya ziada, kwa kuwa serikali ilisogeza saa mbele kwa saa nzima. Nauheshimu uangalifu huu hata pale nisipoamini utabiri wenyewe. Unamlazimu mtu kurudi kwa mama yake na kumwomba asimulie vizuri usiku ule.

Katika ndoa, nguzo nne zilikuwa hati. Wazazi walipokwisha kukubaliana, upande wa mwanamume ulituma karatasi yenye saju yake, sajudanja, ikiwa imekunjwa na kufungwa kwa heshima. Upande wa binti ndio uliochagua siku ya harusi na kujibu. Kupima kama nyota za wachumba zinaafikiana, yaani gunghap, kungali kukifanyika. Wako hata wazazi wanaochagua siku na saa nzuri ya upasuaji wa kujifungua.

Enzi za ufalme wa Joseon elimu hii ilikuwa ya serikali: Gwansanggam, ofisi iliyotazama anga na kutunza kalenda, ilikuwa pia na wataalamu wa majaliwa waliopita mtihani wa dola. Mwaka 1395 ufalme huo ulichonga jiweni ramani ya anga yenye nyota 1,467.

Wanawake wa kawaida walikuwa na anga yao. Chilseong, nyota saba za kaskazini, waliziomba watoto na maisha marefu. Mama aliteka maji kabla watu hawajaamka, akayaweka bakulini penye mitungi ya vyakula vilivyochachushwa nyuma ya nyumba, akasugua viganja akiomba. Mahekalu mengi ya Kibudha Korea yana kijumba cha nyota hizo, na maiti ililazwa jenezani juu ya ubao uliotobolewa matundu saba kwa mpangilio wa nyota hizo. Mtu alitoka kwenye nyota na kurudi kwenye nyota.

Lakini mila hii ina jeraha lake, na halifai kufichwa. Binti aliyezaliwa mwaka wa farasi, hasa farasi mweupe, alisemwa kuwa na kichwa kigumu na asiyefaa kuolewa. Mwaka 1990 ulikuwa wa farasi mweupe, nao ulikuta mashine za kuonyesha jinsia ya mimba zimeshaenea na hamu ya watoto wa kiume ingali kali. Kwa kila wasichana 100 waliozaliwa mwaka huo, wavulana walikuwa takriban 116, ilhali kwa maumbile huwa kama 105. Sheria ilikuwa imekataza tangu 1987 madaktari kuwatajia wazazi jinsia ya mimba, na bado hesabu ikawa hiyo. Uwiano ulirudi katika hali ya kawaida polepole, kadiri mabinti walivyosoma na kuajiriwa. Februari 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta katazo lililokuwa limesalia, ikisema upendeleo wa watoto wa kiume umefifia sana. Vibanda vya saju havikufungwa, na wasichana ni miongoni mwa wateja wake wakubwa.