Nondo Wakaao Ndani ya Jani

Mwaloni ni mti mkubwa wa Ulaya, nao hupukutisha majani yake wakati baridi inapokaribia. Siku hizo, mtu apitaye chini ya mialoni ya Uingereza aweza kuona jambo la ajabu: jani limekauka na kugeuka rangi ya kahawia, walakini mahali padogo, kando ya mshipa mkuu, pangali kijani kibichi. Hapo ndipo alipo kiwavi.

Kiwavi huyu ni mtoto wa nondo mdogo mno, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hayazidi milimita 7. Hakai juu ya jani kama viwavi wengine, bali huishi kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, akila nyama ya jani. Jani huanguka kabla hajashiba. Lakini ile sehemu ya kijani hubaki hai, naye huendelea kula humo hata amalize kukua. Kisha hutoka, huingia udongoni na kujifumia kifuko.

Miongoni mwa nondo wafanyao hivyo wako wawili wafananao kama mapacha: Ectoedemia subbimaculella na Ectoedemia heringi. Wote ni weusi wenye mawaa meupe. Je, hutambulikanaje? Mwenye kutafuta tofauti katika mabawa hujisumbua bure. Heri alitazame jani. Na aliinue mbele ya mwanga, kisha achunguze upande wa chini. Kiwavi wa kwanza hupasua ufa katika ngozi ya chini, na kinyesi chake hutokea hapo. Wa pili hapasui ufa. Kinyesi chake hubaki ndani.

Lakini kazi hii yataka subira. Kiwavi wa kwanza akiwa mchanga bado hajapasua ufa, na mwenye haraka atamwita kwa jina la mwenzake. Jina likikosewa, yote yaandikwayo juu ya nondo huyo, mahali akaapo na majira yake, yamekosewa pia. Kwa hiyo mtu mwangalifu huliweka jani katika kikopo chenye unyevu, akalitazama tena baada ya siku kadhaa. Na akimkamata nondo mzima, bila jani lake, hana budi kumpeleka kwa mtaalamu, ili viungo vyake vya ndani vichunguzwe kwa hadubini.

Basi, mafundi wawili waweza kufanana sura na mavazi, lakini kazi zao huwatambulisha.