Bahari Inapanda: Tumlaumu Nani?

Wanakikundi, ukikaa na wakulima wa mpunga kule Ozi, karibu na Kipini ambako mto Tana unaingia baharini, ubishi hauchelewi kuanza. Maji ya chumvi yanapanda mtoni mpaka mashambani, mpunga unakauka na miembe inakufa. Wazee wanalaumu mabwawa ya huko juu. Vijana wamesikia redioni kwamba dunia inapata joto. Wengine wanasema ni wale waliokata mikoko kwa boriti na kuni. Sasa nani anasema kweli?

Sisi tunaona kila mmoja ana lake la kweli, ila uzito haulingani.

Tuanze na joto. Jaza sufuria maji mpaka ukingoni, uibandike motoni. Kabla hata hayajachemka, yatamwagika. Maji yakipata joto hutanuka, na bahari ni vivyo hivyo. Halafu kuna barafu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland, inayoyeyuka na kuingia baharini. Kutoka 1901 hadi 2018 bahari za dunia zilipanda kama sentimita 20, na kasi imeongezeka: kati ya 2006 na 2018 ilikuwa kama milimita 3.7 kwa mwaka.

Mtu atauliza, milimita 3 ni kitu gani? Kweli, peke yake haiwezi kula ufuo hatua nzima kwa mwaka mmoja. Lakini bamvua sasa linaanzia juu zaidi, na upepo wa kusi ukilisukuma, maji yanafika pale ambapo zamani hayakufika.

Hapo ndipo wazee wana neno. Mto ndio ulioleta matope ya kujenga pwani, pamoja na maji matamu ya kuisukuma chumvi nyuma. Mabwawa kama Masinga (1981) na Kiambere (1988) yanashika matope mengi na kupunguza mafuriko ya msimu. Na mikoko ikikatwa, mawimbi hayana wa kuyavunja.

Basi kikundi kifanye nini? Wengi hukimbilia kupanda mikoko. Ni vizuri, lakini jamani, msipande kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, miche itang'olewa yote. Pandeni kwenye matope ya mkondo, pale ilipokuwa zamani. Ila mikoko haiwezi kufungulia maji ya Masinga. Hiyo ni kazi ya barua na mikutano, na mkienda mikono mitupu hamtasikilizwa. Simikeni mti wenye alama kando ya mto. Kila bamvua, mwandike kwenye daftari tarehe, maji yamefika wapi, na kama yana chumvi.