Fanksheni Isiyo na Jina: Zoezi la Lambda na Kirejeshi cha Kiswahili

Katika lugha ya kuandikia programu za kompyuta iitwayo Python limo neno moja, lambda, ambalo huwatatiza wengi waanzao kujifunza. Neno hilo huunda fanksheni, yaani kanuni ipokeayo kitu na kurudisha kingine, bila ya kuipa jina. Mwanafunzi aliyezoea kuita kila kanuni kwa jina lake hushangaa. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili anayo kinywani mwake kila siku maumbo ya namna hiyo. Asemapo "asomaye" au "kilichovunjika" hamtaji mtu wala kitu. Huweka sharti, kisha huacha nafasi ijazwe na chochote kilitimizacho.

Lambda ni herufi ya Kiyunani. Alonzo Church, mwanamantiki wa Princeton, aliitumia katika miaka ya 1930 kuonyesha ni kigeu kipi katika usemi kinachongoja kujazwa. John McCarthy aliichukua katika lugha ya Lisp, aliyoieleza katika makala ya mwaka 1960, na Python ikawa nayo tangu toleo lake la kwanza kamili la 1994. Wanaisimu nao waliipokea kupitia kazi za Richard Montague juu ya semantiki. Kazi ya kirejeshi -ye au -cho haiko mbali na kazi ya herufi hiyo, ila kirejeshi hutangaza pia ngeli ya kitakachojaza nafasi. Lambda ya Python haitangazi lolote. "N" ikigeuzwa kuwa "m" kote ndani ya usemi, maana ni ile ile.

Zoezi linalomfaa mtafiti wa ushairi ni kupanga orodha ya maneno kwa vina vyake. Kanuni ya kupangia yaweza kuandikwa hivi:

lambda n: n[-2:]

Maana yake: lipokee neno, urudishe herufi zake mbili za mwisho. Ikikabidhiwa fanksheni ya kupanga, "bahari" na "safari" hukaa pamoja. Lakini "nyumba" nayo huangukia kwa "baba", na mshairi makini hakubali kwamba -mba na -ba ni kina kimoja. "Mashua" hutoa "ua", ilhali silabi yake ya mwisho ni "a" tu. Kuzitenga silabi hizi kwahitaji hatua kadhaa, na lambda ya Python hubeba usemi mmoja tu. Hapo inafaa kuandika kanuni kamili yenye jina, nalo jina hilo litatumika tena katika kupima shairi zima. Guido van Rossum, mwasisi wa Python, alipendekeza mwaka 2005 kwamba lambda iondolewe kabisa. Haikuondolewa, na hiyo ni heri: kanuni itumikayo mara moja haistahili kubebeshwa jina.

Kosa lililo gumu zaidi hujitokeza lambda zinapoundwa ndani ya mzunguko. Tuseme kigeu "i" kinapita 0, 1 na 2, na kila mara inaundwa fanksheni hii:

lambda: i

Mwanafunzi hutarajia fanksheni tatu zenye majibu matatu. Zikiitwa baada ya mzunguko kwisha, zote hujibu 2. Fanksheni haikuhifadhi thamani ya "i" ya wakati ilipoundwa. Huitafuta wakati inapoitwa. Wachunguzi wa viashiria vya wakati wanalijua jambo hili kutokana na tangazo la madukani lisemalo kwamba leo ni taslimu na mkopo ni kesho. "Kesho" hiyo huhesabiwa tangu siku ya kusomwa, si siku ya kuandikwa, ndiyo sababu mkopo haupatikani kamwe. Dawa katika Python ni kuifunga thamani papo hapo:

lambda i=i: i

Sasa majibu huwa 0, 1 na 2, kama vile mwenye duka amefuta "kesho" akaandika tarehe.