Utangulizi: Elimu ya Muuguzi na Uhai wa Mgonjwa

Taaluma hii huanzia wodini, usiku, kando ya mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji jioni hiyo. Saa tatu mapigo yake yalikuwa 88 kwa dakika. Saa nne yakawa 104, saa tano 122. Presha bado inaridhisha, naye analalamikia kiu tu. Muuguzi anayejua kwamba mwili unaovuja damu kwa ndani huweza kuishikilia presha kwa muda huku moyo ukienda mbio, hangoji kukuche. Anamwita daktari papo hapo.

Ujuzi huo hutoka darasani au kazini? Mwaka 2003 mtafiti Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani: palipokuwa na wauguzi wengi zaidi wenye shahada, vifo vya wagonjwa wa upasuaji vilikuwa vichache zaidi. Mwaka 2014 zikafuata takwimu za nchi 9 za Ulaya. Wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufa ulipungua kwa asilimia 7. Muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano huo ulipanda kwa asilimia 7 vilevile. Nakusihi uyasome matokeo hayo mawili pamoja. Ni uhusiano, si uthibitisho wa chanzo. Lakini muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake, hata awe na shahada, hawezi kumpima kila mgonjwa kila saa.

Huku Afrika Mashariki, wauguzi wa cheti na stashahada ndio wanaozalisha akina mama katika zahanati nyingi za vijijini. Anayewabeza haijui kazi yao. Haki ni kuwaendeleza, kama Kenya ilivyoanza mwaka 2005, pale Baraza la Wauguzi na shirika la afya la AMREF walipowawezesha wauguzi wa cheti kusomea stashahada kwa kompyuta bila kuacha kazi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8. Hata hivyo Kenya na Tanzania zina wauguzi waliosajiliwa wanaosubiri ajira, maana nafasi hufunguliwa na bajeti, si na wingi wa wagonjwa. Huo ndio ukweli mchungu kuliko yote katika taaluma hii. Kwa hiyo utakapokwenda hospitali kukusanya takwimu, pamoja na orodha ya vyeti, omba pia orodha ya zamu za usiku, uone ni wauguzi wangapi hasa walio kazini.