Useremala wa Japani (2): Nakshi Isiyopakwa Rangi

Wiki iliyopita tulitazama laka, utomvu wa mti unaopakwa tabaka juu ya tabaka mpaka mbao ifichike. Mafundi wa Hakone, milimani kusini-magharibi mwa Tokyo, huiacha mbao ijionyeshe yenyewe. Kazi yao huitwa yosegi. Mwanzilishi wake anatajwa kuwa Ishikawa Nihei wa kijiji cha Hatajuku, mwishoni mwa enzi ya Edo. Kijiji kilikuwa kando ya barabara kuu ya Tokaido, wasafiri hawakukatika, na milima ilijaa miti ya kila aina.

Rangi zote ni za miti. Mizuki hutoa weupe, nigaki umanjano. Weusi hutokana na mbao za katsura zilizolala ardhini miaka mingi. Fundi hugandisha mbao za rangi mbalimbali, akazipasua ziwe fito, kisha kila ufito akaupiga randa mpaka pembe zake zilingane na za wenzake. Hapo ndipo penye kazi. Pembe ikipotoka kidogo, kwenye ufito mmoja hutaona kitu. Zikikutana fito kadhaa kufanya nyota, mwanya unajitokeza, na hakuna rangi ya kuuziba. Fito zilizolingana hutiwa gundi na kukazwa kwa kamba hadi zikauke, hukatwa vipande, navyo huunganishwa tena mpaka lipatikane bonge ambalo nakshi imelipenya toka juu hadi chini.

Watalii hupenda hatua inayofuata, na wana haki. Fundi anapitisha randa pana juu ya bonge, na maranda yanatoka na nakshi nzima, unene wake kama milimita 0.2. Hujikunja, hunyooshwa kwa pasi, kisha hubandikwa juu ya kasha. Hata hivyo, kwangu mimi ustadi mkubwa umekwisha kutendeka kwenye pembe za zile fito. Wapo pia wasiochana maranda: hulikereza bonge lenyewe likawa bakuli, na mistari ya nakshi ikapinda kufuata mviringo.

Serikali ya Japani iliitambua yosegi kuwa sanaa ya jadi mwaka 1984. Wapenzi wa riadha huenda wamekwisha kuiona. Katika Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za vyuo vikuu ambazo Mkenya Joseph Otwori alizikimbia mwaka 1989, siku hizi chuo kinachoongoza siku ya kwanza hutunukiwa kombe la yosegi.

Wiki ijayo: makasha ya siri ya Hakone, yanayofunguka bila ufunguo.