Mlalamishi asiwe hakimu katika kamati ya nidhamu

KWA mkulima wa kahawa wa Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, chama cha ushirika si kadi ya uanachama tu. Huko ndiko apelekako kahawa aliyoichuma, na huko ndiko atazamiako malipo yake. Akifukuzwa, anafungiwa njia ya sokoni.

Ndiyo maana swali la nani aketi katika kamati ya nidhamu ni zito. Tuseme mwanachama amesimama mkutanoni kudai hesabu za malipo. Halmashauri ya usimamizi ikimshtaki kwa utovu wa nidhamu, kisha yenyewe ikateua watakaomsikiliza na kuwalipa marupurupu, kesi hiyo imekwisha kabla ya kuanza. Wahenga waliionya hali hiyo: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya 2015, iliyotungwa kutekeleza Kifungu cha 47 cha Katiba, haizibani ofisi za serikali pekee. Inawahusu pia wasio wa serikali ambao maamuzi yao huathiri haki za mtu. Mshtakiwa sharti apewe notisi mapema, nafasi ya kujitetea na sababu za uamuzi. Aidha, mahakama yaweza kuupitia upya uamuzi iwapo aliyeutoa alipendelea, au kuna sababu ya haki ya kumshuku hivyo.

Umuhimu wa kuwa na mwamuzi anayeaminiwa na pande zote ulionekana katika siasa za Bungoma. Mei 31, 2020, kundi la viongozi wa Ford Kenya lilitangaza kumng'oa Moses Wetang'ula uongozini na kumweka Wafula Wamunyinyi. Mzozo ulifika mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Sheria ya vyama hivyo ya 2011 hutaka ugomvi wa wanachama uanzie katika taratibu za ndani. Lakini nani atazifuata ikiwa zimeshikwa na upande mmoja? Baadaye Wamunyinyi na wenzake walihamia chama kipya, DAP-K.

Kinga haihitaji fedha nyingi. Wanakamati wachaguliwe na mkutano mkuu, wala si halmashauri. Muhula wao usilingane na wa viongozi, na marupurupu yao yaidhinishwe na wanachama mapema. Mwenye uhusiano na mlalamishi au mshtakiwa ajiondoe. Rufaa nayo isikilizwe na watu wengine kabisa.

Uhuru huo hauiweki kamati juu ya chama. Nayo iwajibike kwa wanachama kwa kuandika sababu za kila uamuzi. Hapo hata atakayeshindwa atajua kwamba alisikilizwa, na mkulima atakayeuliza juu ya pesa zake hatahofia kwamba swali hilo litamgharimu uanachama.